Bafa za Keneli: Historia ya Kuamua Kipi Kipotee

Simu za Android zinazopokea malipo katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, Morogoro Mjini, huendeshwa na keneli ya Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa muda wa prosesa, kumbukumbu na mtandao kwa programu zote. Mhandisi anayetaka kujua kwa nini simu imekuwa nzito huiagiza keneli iandike matukio yanayopita ndani yake, nayo huweza kufikia malaki kwa sekunde moja, ilhali programu inayoyasoma husubiri zamu kama programu nyingine yoyote. Katikati huwekwa bafa, eneo la kumbukumbu linalofanya kazi kama Bwawa la Mindu, ambalo hupokea maji ya Mto Ngerengere kwa wingi wakati wa masika na kuyatoa kwa kadiri ya mahitaji ya mji. Kwa kuwa keneli haiwezi kusimama kumsubiri msomaji, bafa ikijaa lazima kitu kipotee, na wabunifu wamekuwa wakitofautiana juu ya kipi kipotee.

DTrace, chombo cha kufuatilia matukio ya keneli kilichobuniwa na Bryan Cantrill, Mike Shapiro na Adam Leventhal wa Sun Microsystems na kutolewa pamoja na mfumo endeshi wa Solaris 10 mwaka 2005, iliipa kila prosesa bafa mbili zinazopokezana, moja ikiandikwa huku nyingine ikisomwa. Tukio lililokosa nafasi liliachwa, lakini idadi ya yaliyoachwa ilitangazwa kwa mtumiaji, desturi inayostahili heshima kubwa, kwani rekodi yenye mapengo yaliyofichwa hupotosha kuliko kukosa rekodi kabisa.

Katika Linux, Steven Rostedt aliingiza chombo cha ftrace mwaka 2008, ambacho bafa yake ni ya duara: mwandishi akifika mwisho hurudi mwanzo na, kwa kawaida, kufuta matukio ya zamani. Mwaka 2009 kilifuata chombo kingine, perf, ambacho kwa kawaida hutunza ya zamani na kuyakataa mapya.

Miundo hii yote iliipa kila prosesa bafa yake, na kwa sababu njema, kwani wasiogombea eneo moja hawahitaji kufuli la kuwapanga. Gharama ilijitokeza prosesa zilipoongezeka. Kwa kuwa haijulikani ni ipi itakayoelemewa, kila bafa hutengewa ukubwa wa kubeba wimbi zito kuliko yote, hata seva ya prosesa 64 yenye megabaiti 1 kwa kila moja ikatumia megabaiti 64 ambazo nyingi hukaa tupu, huku prosesa moja iliyoelemewa ikipoteza matukio. Mpangilio nao huvurugika: programu ya muda mfupi huweza kuanza katika prosesa moja na kukoma katika nyingine, na msomaji anayepitia bafa moja baada ya nyingine akapata habari za kukoma kwake kabla ya kuanza kwake.

Mwaka 2020, katika toleo la 5.8 la keneli ya Linux, Andrii Nakryiko aliongeza bafa ya duara inayoshirikiwa na prosesa zote, kwa ajili ya eBPF, mfumo wa kuendesha programu ndogo zilizohakikiwa ndani ya keneli. Mwandishi hutenga nafasi chini ya kufuli la muda mfupi mno, kisha huijaza bila kufuli na kuithibitisha, na aliyetangulia kutenga ndiye anayetangulia kusomwa. Ustadi wake mkubwa umo katika kurasa za data, ambazo hupangwa mara mbili mfululizo katika anwani za kumbukumbu, ili tukio linalovuka ukingo wa duara lisomeke bila kukatika.

Hata hivyo kufuli, hata liwe fupi namna gani, huleta msongamano matukio yanapozidi, na ndiyo maana muundo wa zamani haukuachwa. Perfetto, chombo cha ufuatiliaji cha Android, husoma bafa za ftrace za kila prosesa na kuziunganisha baadaye. Mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwenye mashine ya Linux anaweza kuziona mwenyewe katika saraka ya /sys/kernel/tracing/per_cpu, ambamo faili la stats la kila prosesa huhesabu hasara katika mistari tofauti: overrun kwa matukio ya zamani yaliyofutwa, na dropped events kwa mapya yaliyokataliwa.