Mrao, Gumegume, Fataki: Silaha ya Kazi Huongezwa Nini?

Ukitoka Kisangani kwa barabara ya Buta, Bengamisa unaifikia baada ya kilomita kiasi cha 50. Ukizidi kwenda mbele unafika Banalia, kwenye mto Aruwimi. Ni nchi ya msitu na mvua. Unyevu huingia kwenye chumvi, kwenye unga, hata kwenye nguo zilizofungiwa sandukuni, na baruti haisalimiki. Wenye bastola kote duniani huulizana ni marekebisho gani yanastahili fedha zao na yapi ni pambo tu. Katika msitu huu swali hilo lina umri mrefu kuliko bastola za leo.

Kiswahili kimelihifadhi jibu ndani ya majina. Bunduki ya mrao iliitwa hivyo kwa utambi wake, ambao ulipaswa kuwaka muda wote ili ufike kwenye baruti. Ikaja bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe kugonga chuma. Kisha ikaja ya fataki, yenye kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Zote tatu zilishindiliwa baruti na risasi kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu, na mtu aliyeziona zimesimama kando kando angeweza asijue tofauti. Kilichobadilika ni namna ya kuwasha moto.

Aliyefungua njia ya fataki alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepewa hataza mwaka 1807. Alikuwa mwindaji wa ndege. Mmweko wa gumegume uliwashtua ndege, wakaruka kabla risasi haijawafikia. Alichokitafuta ni dawa ya kasoro moja aliyoijua kwa macho yake, na dawa hiyo ikaja kuwafaa zaidi watu wa nchi za mvua, kwa sababu kikofia cha shaba huvumilia unyevu kuliko baruti iliyoachwa wazi kwenye kisahani.

Bunduki za kushindilia ndizo zilizoufikisha msafara wa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, hadi kwenye maporomoko ya mto Kongo. Jina lake la Tippu Tip, kama alivyosimulia mwenyewe, lilitokana na mlio wa bunduki za watu wake. Mlio huo ulileta vilio katika vijiji vingi vya Maniema na Tshopo, na mwandishi wa historia ya silaha katika nchi hii hana haki ya kuupita kimya. Watu walifungwa minyororo, pembe zikabebwa, nyumba zikachomwa.

Somo lingine lilikuja Agosti 1886, pale pale ambapo leo ni Kisangani. Kituo cha Stanley Falls kilikuwa na bunduki za kisasa, na hata mizinga, chini ya Mwingereza Walter Deane. Watu wa upande wa wafanyabiashara wa Kiarabu waliposhambulia, walinzi walijibu kwa siku kadhaa mpaka risasi zikawaishia. Wakakitia kituo moto, wakakimbilia msituni. Bunduki ya kisasa ilikuwa na kasi, lakini ilikula risasi za kiwandani zilizopaswa kusafiri mto mzima kuwafikia. Kasi isiyo na akiba haikuwaokoa.

Mwaka uliofuata Henry Morton Stanley alipita Aruwimi akienda kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria. Katika mizigo yake mlikuwa na bunduki 510 za Remington, Winchester 50 na bombomu moja la Maxim. Lakini mlikuwa pia na fataki 350,000 na tani mbili za baruti. Aliyekuwa na silaha mpya kabisa za wakati wake bado alibeba vitu vya bunduki za zamani. Sehemu ya msafara iliachwa Yambuya chini ya Meja Edmund Barttelot. Alfajiri ya tarehe 19 Julai 1888, huko Banalia, Barttelot alitoka kwenda kuzima kelele za ngoma, akapigwa risasi na Sanga, mmoja wa wakuu wa wapagazi wa Kimanyema. Ulikuwa mlio mmoja kutoka kwenye nyumba ya jirani, na kwa shabaha ya karibu namna hiyo hapakuhitajika ufundi wowote wa ziada.

Wakubwa wa Ulaya walijua vizuri ni marekebisho gani yenye uzito. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingizwa Afrika ya kati kwa bunduki zenye mistari ya msokoto ndani ya mtutu, pamoja na silaha zote zilizoboreshwa. Gumegume zenye mtutu laini ndizo zilizoachiwa biashara, kwa masharti. Nakshi ya kitako na shaba ya mtutu hazikuwashughulisha. Walizuia kile kinachoifanya risasi ifike mbali na kwa uhakika, wakajiwekea wao wenyewe.

Hata wao hawakununua kila kipya. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo lililoanzishwa mwaka 1885, walibeba kwa miaka mingi Albini, bunduki ya risasi moja moja. Asili ya mtambo wake ni marekebisho: Ubelgiji ilikuwa na bunduki nyingi za kushindilia kwa mdomo, mafundi wakakata sehemu ya nyuma ya mtutu na kutia kifuniko cha bawaba ili risasi iingie kwa nyuma. Mtutu na kitako vikabaki vile vile. Waligusa mahali pamoja tu, na askari akaacha kusimama wima na mdeki mkononi huku akilengwa.

Hapo ndipo tunapoifikia bastola. Kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, kilianzishwa mwaka 1889, na miaka michache baadaye kikaungana na fundi wa Kimarekani, John Browning. Browning alifia humo humo kiwandani mwaka 1926, kazi yake ya mwisho ikiwa haijakamilika. Dieudonné Saive aliimalizia, na mwaka 1935 jeshi la Ubelgiji likaipokea bastola ya milimita 9 yenye kubeba risasi 13, iliyoitwa GP kwa kifupi cha jina lake la Kifaransa, yaani ya nguvu kubwa.

GP ni darasa zuri kwa anayeuliza nini kiongezwe. Zile za mwanzo za jeshi ziliwekewa kipimo cha kulengea hadi mita 500, pamoja na mfereji nyuma ya mpini wa kufungia kitako cha mbao. Nani hupiga bastola mita 500? Kikaachwa. Kufuli yake ya usalama ilikuwa ndogo mno kwa kidole gumba; ikapanuliwa katika matoleo ya miaka ya 1980. Nyundo ilibana ngozi ya mkono wa baadhi ya wapigaji, wengi waliibadilisha. Vipande vya kulengea vilikuwa vidogo kwa macho ya jioni, vikakuzwa. Marekebisho haya yote yalijibu malalamiko ya mkono na jicho la mtumiaji.

Moja linanitia wasiwasi. GP ina kizuizi kinachoifanya isifyatuke magazini ikiwa imetolewa. Kizuizi hicho hukifanya kifyatuo kuwa kizito, na mafundi wengi wamezoea kukiondoa. Kwa mlenga shabaha mwenye bastola yake peke yake, sina neno. Hata FN, ilipoleta bastola mpya kwa jina hilo hilo la nguvu kubwa mwaka 2022, haikukirudisha. Lakini bastola ya kazi haina mkono mmoja. Hukabidhiwa kutoka zamu hadi zamu, kutoka kwa afisa hadi afisa. Anayeipokea usiku hajui fundi aliondoa nini mchana. Akitoa magazini akadhani amemaliza, ilhali risasi moja imebaki kwenye chemba, anayelipa ni jirani yake. Kisangani, iliyopigwa kwa siku sita mwezi Juni 2000 na majeshi ya nchi mbili za kigeni, haihitaji risasi hata moja ya bahati mbaya.

Kwa hiyo hesabu ninayoipendekeza ni ya mvua na ya ghala. Magazini yenye springi nzima, risasi kavu, mafuta, kitambaa, vipande vya kulengea vinavyoonekana, kufuli inayofikika kwa kidole. Kipuri ambacho hakuna fundi wa kukirekebisha hapa wala duka la kukipata kitakuwa mzigo siku kitakapovunjika. Na badiliko lolote kwenye silaha ya pamoja liandikwe kwenye daftari lake, ili anayeipokea ajue alichokishika.

Wazee wetu waliziita bunduki kwa mrao, kwa gumegume na kwa fataki. Waliziita kwa kile kilichoamua kama zitalia au zitanyamaza mvua ikinyesha.