Nyerere na Biafra: Uamuzi Ulioigawa Afrika

Jumamosi ya Aprili 13, 1968, mkesha wa Pasaka na siku ambayo Mwalimu Julius Nyerere alitimiza miaka 46, serikali ya Tanzania ilitoa taarifa iliyowashangaza hata marafiki zake: inaitambua Biafra kuwa nchi huru. Hakuna dola yoyote duniani iliyokuwa imefanya hivyo. Biafra yenyewe ilikuwa haijatimiza mwaka. Enugu, makao makuu yake ya kwanza, ilikuwa imetekwa tangu Oktoba 1967, na jeshi la Nigeria lilikuwa likiibana kutoka bara na kutoka baharini.

Upande wa Biafra watu walimiminika barabarani kushangilia. Serikali ya Nigeria mjini Lagos ilivunja uhusiano wa kibalozi na Dar es Salaam. Hapo ukaanza ubishi ambao haujaisha. Je, Mwalimu alionyesha ujasiri ambao wenzake waliukosa, au alikuwa na kiherehere cha kuingilia vita vya wengine, huku gharama ikilipwa na watu wasio raia wake?

Chanzo cha vita

Januari 1966 maofisa vijana wa jeshi, wengi wao Waigbo, watu wa Mashariki, walijaribu kupindua serikali ya Nigeria. Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa na Ahmadu Bello, kiongozi wa Kaskazini, waliuawa. Julai mwaka huohuo wanajeshi wa Kaskazini walilipiza kisasi. Jenerali Aguiyi-Ironsi, Mwigbo aliyekuwa ameshika madaraka, aliuawa, na Yakubu Gowon akachukua nafasi yake.

Kilichomgusa Nyerere kuliko mapinduzi yenyewe ni mauaji ya raia. Katika miji ya Kaskazini Waigbo waliwindwa majumbani, masokoni na kwenye vituo vya treni. Maelfu waliuawa. Zaidi ya watu milioni moja walikimbilia kwao Mashariki na kile walichoweza kubeba.

Januari 1967 Gowon na Emeka Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, walikutana Aburi nchini Ghana na kukubaliana kulegeza shirikisho. Waliporudi nyumbani kila mmoja aliyasoma makubaliano kwa namna yake. Mei 27 Gowon aliigawa nchi katika majimbo 12, hatua ambayo ingewaacha Waigbo bila pwani na bila sehemu kubwa ya mafuta. Mei 30 Ojukwu akatangaza Mashariki kuwa Jamhuri ya Biafra. Julai 6 mapigano yakaanza.

Muumini wa umoja

Kama kuna mtu ambaye Lagos haikutarajia pigo kutoka kwake, alikuwa Nyerere. Mwaka 1960 alisema yuko tayari uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe ili nchi za Afrika Mashariki ziungane kwanza. Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Miezi mitatu baadaye, katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mjini Cairo, yeye ndiye aliyeleta hoja kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe kama ilivyo. Azimio lile likawa ngao ya kila serikali ya Afrika dhidi ya watu waliotaka kujitenga.

Tena Nyerere alikuwa na deni kwa Nigeria. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Mwalimu alifichwa, huku waziri wake Oscar Kambona akizungumza na waasi, jambo lililowapa watu wasiompenda maneno ya kusema kuhusu ushujaa wake. Uasi ulizimwa na makomando wa Uingereza, na Nyerere hakuificha aibu yake kwa kuwaita wakoloni wa jana waje kuokoa serikali huru. Nchi iliyokubali kuleta askari ili Waingereza waondoke ilikuwa Nigeria. Batalioni ya Nigeria ilikaa Tanganyika kwa miezi kadhaa wakati jeshi jipya likiundwa. Miaka minne baadaye, Mnigeria aliyesema kwamba shukrani ya punda ni mateke asingeweza kulaumiwa.

Sababu alizoziandika

Taarifa ya Aprili 13 haikuukwepa mgongano kati ya imani yake ya umoja na kuitambua Biafra. Hoja yake ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya watu, na umoja husimama juu ya ridhaa yao. Waigbo walikuwa wameuawa ndani ya nchi yao na serikali yao ikashindwa kuwalinda. Walipokimbilia kwao na kusema hawarudi, walifuatwa kwa mizinga. Nyerere aliwalinganisha na Wayahudi wa Ujerumani. Kwa maoni yake, mtu aliyenusurika kuuawa hawezi kulazimishwa kwa bunduki aamini kwamba yuko salama mikononi mwa waliomwinda.

Kabla Aprili haijaisha alichapisha makala katika gazeti la Observer la London kueleza kwa nini Tanzania iliitambua Biafra. Wakosoaji walikuwa wamemuuliza swali lililo wazi: Zanzibar je? Kama Mashariki ya Nigeria ina haki ya kujitenga, Zanzibar nayo si ina haki hiyohiyo?

Muungano ulikuwa na miaka minne tu. Zanzibar ilikuwa chini ya Abeid Karume na Baraza la Mapinduzi, na mambo mengi ya Muungano yalikuwa bado hayajatengemaa. Mwanasiasa mwingine angejibu kwamba hali hizo mbili hazifanani, akapita. Nyerere aliandika kwamba kama umma wa Zanzibar, bila kusukumwa na mtu wa nje na kwa sababu zao wenyewe, ungeamua kwamba Muungano unadhuru uhai wao, yeye asingeweza kutetea kuwapiga mabomu ili wabaki.

Hapo ndipo ujasiri wake unapoonekana vizuri kuliko katika tangazo lenyewe. Kuitambua nchi ya mbali ni jambo ambalo rais anaweza kulifuta kwa taarifa nyingine, lakini maneno yale kuhusu Zanzibar yalikuwa fimbo aliyompa mpinzani yeyote wa Muungano, kwa mkono wake mwenyewe, huku akijua kwamba yangemfuata maisha yake yote. Alikubali kupimwa nyumbani kwa kipimo alichokitumia ugenini.

Hoja za waliompinga

Waliompinga nao hawakuwa watu wa kupuuzwa. Kwanza walitaja Katanga. Mwaka 1960 Moïse Tshombe alijitenga na Congo akiungwa mkono na Wabelgiji na makampuni ya madini, na damu nyingi ikamwagika kabla jimbo lile halijarudishwa mwaka 1963. Viongozi wengi wa OAU waliona katika Biafra Katanga ya pili, yenye mafuta badala ya shaba. Haile Selassie alikuwa na vita vya Eritrea, Sudan ilikuwa na waasi wa Kusini. Kila mmoja alitazama ramani ya nchi yake na kuona mahali ambapo Biafra yake ingezaliwa.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, na utetezi wa Mwalimu haukuijibu kikamilifu. Ndani ya mipaka ya Biafra waliishi Waijaw, Waefik, Waibibio, Waogoni na wengine wasio Waigbo, na wengi wao hawakuwahi kuulizwa kama wanataka kuingia katika nchi hiyo. Isaac Boro, Mwijaw aliyetangaza uasi wa Niger Delta mapema mwaka 1966, alipigana upande wa Gowon hadi alipouawa vitani. Mwandishi Ken Saro-Wiwa, Mwogoni, naye aliunga mkono serikali ya shirikisho. Kama umoja hudumu kwa ridhaa ya watu, watu hawa pia walistahili kuulizwa, na mafuta mengi yaliyogombewa yalikuwa chini ya ardhi yao.

Tatu, walisema Tanzania imejikuta katika kundi la ajabu. Baada ya Tanzania, Gabon, Ivory Coast na Zambia ziliitambua Biafra mwezi Mei 1968. Zambia ya Kenneth Kaunda ilikuwa rafiki wa siku zote, lakini Gabon na Ivory Coast zilikuwa na baraka za Paris, na Ufaransa ya de Gaulle haikuchukizwa kuona Nigeria ikidhoofika. Ndege za misaada na za silaha za Biafra zilipitia São Tomé, kisiwa kilichokuwa chini ya Ureno, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU na ya FRELIMO waliokuwa wakipigana na Ureno hiyohiyo Msumbiji. Upande wa pili nao ulikuwa mchanganyiko wa ajabu: Uingereza na Urusi ya Kisovieti, mahasimu wa vita baridi, zote ziliipa Nigeria silaha.

Hoja ya mwisho ndiyo inayouma. Tanzania haikupeleka jeshi. Ilitoa matumaini, na inasemekana matumaini hayo yalimpa Ojukwu sababu ya kuendelea kupigana wakati vita vilikwisha kumshinda. Mwezi mmoja baada ya tangazo la Dar es Salaam, Port Harcourt ilianguka na Biafra ikabaki kisiwa kisicho na bahari. Watoto walianza kufa kwa unyafuzi, na picha zao zikaenea dunia nzima. Makadirio ya waliokufa yanaanzia laki kadhaa hadi zaidi ya milioni 2, wengi wao kwa njaa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa raia wa mtu aliyesifiwa kwa ujasiri wa kuwaunga mkono.

Wanaomtetea hujibu kwamba Biafra isingeacha kupigana hata bila Tanzania, na kwamba pande zote mbili zilikaa mezani Kampala mwishoni mwa Mei 1968, siku chache tu baada ya nchi ya nne kuitambua. Ni kweli walikaa. Ni kweli pia kwamba mazungumzo hayo yalivunjika upesi.

Kura nne dhidi ya 33

Septemba 1968 wakuu wa OAU walikutana Algiers. Azimio la kuitaka Biafra irudi katika umoja wa Nigeria lilipita kwa kura 33 dhidi ya 4. Nyerere hakubadilika. Mwaka mmoja baadaye, katika mkutano wa Addis Ababa, aliwagawia wenzake waraka mrefu akirudia hoja zake na kuwaonya kwamba Afrika haiwezi kudai haki za watu weusi kwa makaburu na kwa Wareno huku ikinyamaza Waafrika wanapoonewa na Waafrika.

Wakati huo hata baadhi ya watu wa Biafra walikuwa wamekata tamaa. Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria na Mwigbo, ambaye alizunguka Afrika kuiombea Biafra kutambuliwa, aliiacha mwaka 1969 na kurudi upande wa Lagos. Januari 1970 Ojukwu alikimbilia Ivory Coast na Biafra ikasalimu amri. Gowon alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa, na yale mauaji ya halaiki ambayo wengi waliyahofia hayakutokea. Jambo hilo nalo linahesabika dhidi ya Mwalimu, kwa sababu hofu ya kuangamizwa ndiyo iliyokuwa msingi wa utetezi wake. Tanzania na Nigeria zilirudisha uhusiano, na katika miaka ya 1970 zilishirikiana kwa karibu katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika.

Kutoka Biafra hadi Kagera

Ofisa wa Nigeria aliyepokea jeshi la Biafra liliposalimu amri alikuwa Olusegun Obasanjo. Julai 1979, sasa akiwa mkuu wa nchi, alikutana tena na msimamo wa Nyerere, safari hii katika mkutano wa OAU mjini Monrovia. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera, na baadaye yakabomoa daraja la Kyaka. Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo. Kagera ikakombolewa, lakini jeshi halikusimama mpakani. Aprili 11, 1979 liliingia Kampala, na Amin akakimbia.

Monrovia, Jaafar Nimeiri wa Sudan na Obasanjo waliishutumu Tanzania kwa kuvuka mpaka na kuangusha serikali ya nchi nyingine. Godfrey Binaisa, rais mpya wa Uganda, aliitetea, akiwauliza walikuwa wapi Amin alipokuwa akiwaua Waganda. Tanzania nayo, kama ilivyofanya Addis Ababa miaka kumi nyuma, ilikuja na maandishi: kitabu cha serikali kilichoeleza hatua kwa hatua jinsi vita vilivyoanza na kwa nini vilifika Kampala.

Hoja za pande zote mbili zilikuwa zilezile za 1968: mipaka na mamlaka ya dola upande mmoja, uhai wa watu upande wa pili. Tofauti ilikuwa katika bili. Vita vya Kagera viligharimu Tanzania fedha zinazokadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikazaa miaka ya foleni za sukari, sabuni na unga. Vijana waliokufa walikuwa wa Musoma, wa Songea na wa Pemba. Mtanzania aliyetaka kubishana na uamuzi ule alikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa sababu alikuwa ameulipia.

Hivyo wanaobishana kuhusu Biafra huwa wanapima vitu viwili tofauti. Anayemsifu Nyerere anapima uwazi wake: alisimama karibu peke yake, akataja sababu, akazisaini, na akakubali zitumike dhidi yake hadi Zanzibar. Kwa kipimo hicho ni viongozi wachache wa Afrika wanaomfikia. Anayemlaumu anapima nani alilipa, na kwa kipimo hicho mwaka 1968 Mwalimu alikopa ujasiri kwa dhamana ya watoto wa Umuahia na Owerri, miji ya Biafra. Kiongozi anayeunga mkono vita anapaswa kupimwa kwa vyote viwili. Nyerere wa Biafra alipita mtihani wa kwanza akaanguka wa pili. Nyerere wa Kagera alifaulu mitihani yote miwili, na gharama yake Watanzania waliilipa kwa miaka mingi.