Kipozaji: si kila kinachozunguka kwenye rejeta ni maji

Gereji za Morogoro zina majina mawili ya kitu hiki: kulanti na maji ya rejeta. Kwa gari, lolote linatosha. Kwa ndege ndogo napendekeza kipozaji.

Marubani wengi wa Cessna hawalihitaji neno hili, kwani injini zao hupozwa kwa upepo tu. Lakini Skyleader 600, ndege ya watu wawili yenye asili ya Ucheki inayoundwa papo hapo Morogoro na kampuni ya Airplanes Africa Limited, hutumia injini ya Rotax 912. Humo silinda hupozwa kwa hewa, ila silinda hedi huzungukwa na kipozaji, kwa kawaida maji nusu na glikoli nusu. Katika hedi za matoleo mapya, kikomo chake ni nyuzi 120 za Selsiasi.

Kipozaji kinaweza pia kupoa kupita kiasi. Baridi ya wapi tena? Mjini Morogoro, mita kama 500 juu ya bahari, hakuna kinachoganda nje ya jokofu. Hata hivyo hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Uluguru, kinapita mita 2,600. Wakati wa kupanda injini inajitafutia joto lake. Shida huja rubani akishavuka safu na kuanza kushuka: anapunguza nguvu, moto ndani ya silinda unafifia, huku upepo wa kasi ukiendelea kupita kwenye rejeta. Mshale wa joto la kipozaji unaanguka, na injini iliyopoa kupita kiasi huitika kwa kusitasita inapodaiwa nguvu ghafla. Dawa ni kushuka taratibu, nguvu kidogo ikibaki.

Ulaya, wakati wa theluji, wenye ndege huziba sehemu ya rejeta kwa tepu, maana Rotax 912 kwa kawaida haina thamostati ya kipozaji. Tepu hiyo ikisahaulika mchana wa Morogoro, injini inaweza kuchemka kabla ya kuruka.

Basi waandishi wa miongozo waliache jina la "maji ya rejeta" gereji. Mwanafunzi akisoma maji, atajaza ya bomba, nayo huchemka mapema, huacha chokaa na kuila alumini ya hedi.