Mlango Mweupe

Mwaka 1987 kaka yangu mkubwa aliniachia Peugeot 504 yake aliposafiri kwa siku kumi. Siku ya tatu nikaukwaruza mlango wa nyuma kwenye nguzo ya lango letu. Nani wa kumwambia? Gari lilikuwa jeupe, nami nikajisemea moyoni kwamba nyeupe ni nyeupe. Nikanunua kopo la rangi, thina na karatasi za msasa, nikaazima bomba la kupulizia, kazi nikaifanya uani. Usiku, chini ya taa ya balbu, mlango ulipatana na wenzake kama maziwa na maziwa. Asubuhi jua lilipotoka niliukuta mweupe kama sanda, na gari zima lililobaki lina rangi ya pembe ya ndovu.

Tangu siku ile nimekuwa na hamu ya kujua watu wa zamani walifanyaje. Wao, kusema kweli, walikuwa na nafuu. Magari ya awali yalipakwa rangi na vanishi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kazi hiyo ilichukua wiki nzima, hata zaidi. Henry Ford hakuwa na subira hiyo. Model T yake ilianza mwaka 1908 ikiwa na rangi mbalimbali, lakini tangu 1914 hadi 1925 ilitoka nyeusi tu. Watu hudhani mzee yule alikuwa na ukaidi. Kumbe nyeusi ile ilikuwa rahisi, tena ngumu, nayo iliifaa kazi ya haraka. Aliyekwaruza gari lake mwaka 1915 hakuumiza kichwa kuchagua kopo!

Mambo yaligeuka mwaka 1923. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta Duco, rangi ya nitroselulosi ya kupulizia, iliyokauka kwa saa chache. General Motors wakaitumia kwenye magari ya Oakland, wakayatoa ya buluu. Ford naye akarudisha rangi katika magari ya 1926. Viwanda vikafurahi, wanunuzi wakafurahi, na fundi wa mtaani akarithi taabu ya kulinganisha.

Maana nyeupe ya gari si nyeupe tupu. Hutiwa tone la manjano, tone la nyeusi. Namba ya rangi iliyoandikwa kwenye gari hueleza lilivyotoka kiwandani, si lilivyo baada ya miaka kumi ya jua la pwani. Na mwanga wa balbu, kwa kuwa una umanjano wake, huifanya nyeupe na maziwa zifanane. Fundi mmoja mzee alinieleza hayo huku akicheka: kwanza ing'arishe rangi ya zamani uondoe ukungu wake, kisha pulizia kipande cha bati, kiache kikauke kabisa, ndipo ukisogeze kwenye gari mchana. (Rangi zenye chembe za alumini ni balaa jingine, hata mkono wa anayepulizia huzibadilisha.)

Kaka alirudi usiku, hakuona kitu. Asubuhi alisimama mbele ya mlango ule kitambo, akaingia ndani kunywa chai. Hakuniuliza neno. Mwaka 1994 alipoliuza gari, mnunuzi alilizunguka saa sita mchana, akagusa mlango wa nyuma kwa kidole, akataja bei ya chini. Kaka akanitazama mimi.