Nakshi za Wayunani katika Kitabu cha Owen Jones

Mwaka 1856, zama za Malkia Victoria, msanifu majengo Owen Jones alitoa mjini London kitabu cha nakshi za mataifa, chenye kurasa 100 za michoro ya rangi. Wazungu wengi waliziona nakshi za Wayunani kuwa kilele cha sanaa. Jones alizisifu kwa umbo, lakini alisema ni pambo tupu, halina maana ndani yake. Kumbe yungiyungi na mafunjo ya nguzo za Misri yalibeba imani ya watu, na Wayunani walichota huko na kwa Waashuri. Hapo twamsifu. Lakini sura ya kwanza aliiita nakshi za makabila ya washenzi. Neno hilo twalikataa, maana humo humo alisifu kasia lililonakshiwa la visiwa vya Pasifiki.