Damu ya Wanafunzi na Sheria za Vita

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye bunduki waliingia chuo kikuu cha Garissa, nchini Kenya. Waliwapiga risasi walinzi langoni, wakaingia mabwenini, wakawatenga Waislamu na Wakristo, kisha wakaua. Walikufa watu 148, wengi wao wanafunzi. Al-Shabaab wakajitapa kuwa kazi ile ni yao, tena kwa jina la Uislamu.

Wako wasemao kuwa sheria za kimataifa ni za Wazungu, sisi hazituhusu. Na tuitazame historia.

Mwaka 1949 mataifa yaliandika mikataba minne huko Geneva. Kifungu cha tatu, kilichomo katika yote minne, chakataza hata katika vita vya ndani ya nchi kumwua asiyepigana, wala kumbagua kwa dini yake.

Je, hilo ni geni kwetu? Sayyidna Abubakar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alipopeleka jeshi Sham katika karne ya saba, aliliusia lisiue mwanamke, wala mtoto, wala mkongwe. Na liwaache watawa katika nyumba zao za ibada. Watawa hao walikuwa Wakristo. Na Imam Muhammad bin Hasan Ash-Shaybani, aliyefariki mwaka 805, aliandika vitabu juu ya sheria za vita na amani, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Geneva.

Basi wauaji wa Garissa walizivunja sheria zote mbili kwa mkono mmoja. Na la kusikitisha zaidi, serikali ya Kenya ilitangaza kuwa mmoja wao alikuwa amehitimu masomo ya sheria. Babake alikwisha kutoa habari kuwa mwanawe haonekani.

Desemba mwaka ule ule, basi lilisimamishwa na wenye silaha katika jimbo la Mandera. Abiria wakaamriwa watengane kwa dini. Waislamu wakakataa katakata kuwatoa wenzao. Mwalimu mmoja Mwislamu alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Mmoja aliisoma sheria akaua. Mwingine aliitimiza akafa. Elimu bila ya malezi ni upanga mkononi mwa mwenda wazimu. Wazazi, tusiridhike na vyeti vya watoto wetu. Tuwaulize wanasikiliza nani, na wanafundishwa nini juu ya damu ya jirani.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.