Desen anime: namna ya kusaidia mtoto aandike hadithi yake mwenyewe

Mara nyingi mtoto wa Likasi, akuwe wa Kikula ao wa Panda, anajifunza kuandika kwa kufuata yale mwalimu ameweka ku tablo. Mkono unakuwa mzuri, kaye inajaa. Lakini ukimwambia aandike hadithi yake mwenyewe, anabaki anatafuna biki. Sinema za michoro, zile watoto wanaita desen anime, zinaweza kumsaidia.

Ni kazi yenye mizizi hapa Congo. Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mzaliwa wa Sankuru, alianzisha Studio Malembe Maa mwaka wa 1988. Filamu yake "Le Crapaud chez ses beaux-parents" inatoka ku hadithi ya Batetela. Kisha wanajeshi wakapora Kinshasa, mwezi wa 9 mwaka wa 1991. Mwaka uliofuata akatoa "Septembre noir", filamu iliyotengenezwa na michoro ya watoto juu ya ule uporaji. Watoto njo walieleza mambo yale.

Mwaka wa 1999 akatoa "Muana Mboka": mtoto wa barabara anaokoa waziri katika aksida. Hapo njo pa kusimamisha filamu.

Namna ya kufanya:

- Onyesha dakika chache, kisha simamisha. Simu moja yenye chaji inatosha kwa watoto watano, hata umeme ukikatika.
- Uliza: Huyu anataka nini? Nini inamzuia? Atafanya nini sasa?
- Kila mtoto akunje karatasi mara mbili, apate vyumba vinne. Achore mwisho wake, na chini ya kila mchoro aandike sentensi moja.
- Anayetaka asomee wenzake. Kisha muangalie mwisho wa filamu. Wa mtoto ukiwa tofauti, hauko mbaya.

Aandike kwanza katika lugha anayowaza nayo. Kifaransa kitafuata, na makosa ya herufi yatangoja siku ingine. Mtoto anayekatwa kila neno anaacha kuandika.

Angalisho moja: mtoto akiandika juu ya njaa, ao kaka yake aliyekwenda kuchimba mawe, asilazimishwe kusoma mbele ya wote. Mwalimu amsikilize pembeni.

Na kama simu hakuna, hadithi ya nyanya ku lupango inafanya kazi ileile. Nyanya akate katikati tu, na mtoto aandike zingine.